Shimo la Samad ni la Nani?

Kaltham ni mwalimu wa skuli ya wasichana huko Samad Ash Shan, Oman. Kila siku hurudi nyumbani saa nane mchana. Huvua abaya, hunawa mikono, kisha humpakulia chakula mama mkwe wake, Bi Ghanima.

Bi Ghanima ana miaka sabini na minane. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman akiwa msichana. Kiarabu anakijua vizuri. Lakini akikasirika, na akiota, huwa ni kwa Kiswahili.

Mume wa Kaltham anaitwa Hisham. Anafanya kazi kiwandani Sur. Hurudi nyumbani kila Alkhamisi jioni, na Jumamosi huondoka tena. Kwa hivyo siku nyingi nyumba huwa na wanawake wawili tu.

Nyumba yao ni ya mwisho mtaani. Nyuma yake kuna njia nyembamba ya udongo. Ng'ambo ya njia kuna nyumba za zamani, za udongo, ambazo hazikai mtu. Kuta nyingi zimeanguka. Baadhi ya milango bado imesimama, imefungwa, na nyuma yake hamna chumba.

Watu walikuwa wakipita njia ile kwenda mashambani na msikitini. Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, waliacha kuipita.

Kwanza alipotea mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa jirani yao, Fawziya. Ilikuwa mchana, watu wamelala. Fawziya alimwona mbuzi wake amesimama mlangoni mwa nyumba moja kongwe. Alikwenda kumchukulia maji. Aliporudi, mbuzi hayupo. Alitazama huku na huku. Njia ilikuwa tupu, na jua linawaka kweupe.

Halafu akamsikia mbuzi analia. Sauti ilitoka chini ya miguu yake.

Fawziya aliacha ndoo pale pale, akakimbia.

Siku ya pili Kaltham alikuwa jikoni anaosha mchele. Alisikia mlio ule ule. Ulikuwa mdogo, kama unatoka mbali, lakini ulikuwa chini ya sakafu yake. Alifunga bomba ili asikie vizuri. Mbuzi alilia tena, mara hii karibu na ukuta. Anatembea, Kaltham akawaza. Anatembea chini ya nyumba yangu.

Siku ya tatu kukawa kimya.

Majirani walisema yao. Wengine walisema ni majini wa nyumba kongwe. Mmoja alifukiza ubani mwanzo wa njia. Kaltham alikuwa mwalimu na hakutaka kuamini. Lakini usiku aliacha taa ya jikoni inawaka.

Baada ya wiki moja, Kaltham alirudi kutoka skuli asimwone Bi Ghanima ukumbini. Alimkuta stoo, amelala kifudifudi baina ya magunia ya mchele, shavu lake juu ya sakafu.

"Mama! Umeanguka?"

"Nyamaza," alisema Bi Ghanima. "Kuna watu chini."

"Hakuna watu, Mama. Inuka, sakafu baridi."

"Lala hapa usikilize."

Kaltham alipiga magoti. Akaweka sikio chini. Mwanzo hakusikia kitu. Halafu alisikia sauti ya mwanamke. Maneno hayakuwa wazi. Sauti ilipanda, ikashuka, ikasita, kama mtu anayeuliza jambo na kungoja jawabu. Kaltham aliinua kichwa.

"Umesikia?" Bi Ghanima aliuliza.

"Nimesikia."

"Ni dada yangu Samah. Ananiita. Anasema, Ghanima, njoo."

Samah alibaki Unguja. Alikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Kaltham alimshika mkono mama mkwe wake, akamtoa stoo, akaufunga mlango kwa ufunguo.

Alkhamisi Hisham alirudi kutoka Sur. Kaltham alimweleza yote. Hisham hakucheka. Alichukua tochi akaenda kuutazama ukuta wa nyuma. Alipouona ufa mara ya kwanza ulikuwa kama uzi. Sasa vidole viwili viliingia ndani yake.

"Nimewaandikia Maskati mara tatu," alisema Hisham. "Nimewaambia njia inazama na ukuta unapasuka. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu wameniletea hii."

Alifungua simu, akamsomea Kaltham ujumbe wa Kiarabu, kisha akamwambia kwa Kiswahili: "Ombi lako limepelekwa kwenye muhafadha, yaani mkoani, kwa mujibu wa madaraka yake. Basi! Wametufukuza kwa adabu."

"Ulikwenda muhafadha?"

"Nikafanye nini? Mwenye nguvu ni Maskati. Hawa wa huku wanangoja amri tu. Nitakwenda Maskati mwenyewe, nina mtu namjua pale."

Jumamosi aliondoka kurudi Sur. Maskati hakwenda, kwa sababu mtu anayemjua hakupokea simu.

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, Kaltham alijitayarisha kwenda skuli. Alipita chumbani kwa Bi Ghanima kumuaga. Kitanda kilikuwa kitupu. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Alitoka nje. Kulikuwa kumeshapambazuka, lakini jua bado halijatoka. Katikati ya njia aliviona viatu vya Bi Ghanima. Vilipangwa pamoja, sawasawa, kama mtu anavyoviacha mlangoni kwa mwenyeji. Nyayo zilitoka pale zikaingia ndani ya nyumba kongwe, ile ile aliyosimama mbuzi.

Kaltham alifika mlangoni. Ndani hakukuwa na paa. Bi Ghanima alikuwa amepiga magoti mwisho wa chumba. Mbele yake sakafu haikuwapo. Palikuwa na shimo jeusi, pana kama mlango, na hewa baridi ikitoka ndani yake. Kanga ya kikongwe ilikuwa ikipepea, na nje hapakuwa na upepo hata kidogo.

"Naja, Samah," alisema Bi Ghanima. "Ngoja nivae viatu."

Kaltham alinyanyua mguu aingie. Mtu akamshika bega kwa nguvu.

"Usiingie," sauti ilinong'ona. "Ardhi hapo ni nyembamba kama ganda la yai. Mkiwa wawili, mtakwenda wote."

Alikuwa Taghreed, jirani wa nyumba ya tatu. Taghreed ni mhandisi katika ofisi ya muhafidh, mkuu wa mkoa, huko Ibra. Wazee wake walitoka Pemba, lakini yeye alizaliwa Oman, na Kiswahili chake kina makosa. Alikuwa anakwenda kwenye gari yake ndipo akaviona viatu njiani.

Taghreed hakupiga kelele. Aliulaza chini mlango mmoja mbovu, akalala juu yake kwa tumbo, akausukuma mwili wake mbele polepole. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama aliyekuja kutembea:

"Shikamoo, Bibi."

Bi Ghanima aligeuka. Maisha yake yote hajaamkiwa akaacha kuitikia.

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Mimi Taghreed, Bibi. Nipe mkono wako nikuamkie vizuri."

Bi Ghanima alinyoosha mkono ili ubusiwe. Taghreed aliushika, na hakuuachia. Alimvuta taratibu, naye Kaltham akaishika miguu ya Taghreed akawavuta wote wawili, mpaka wakafika kizingitini.

Wakasikia mchanga unamiminika. Halafu ile sehemu aliyopiga magoti Bi Ghanima ikashuka yote kwa pamoja. Walingoja mshindo. Ulichelewa. Ulipofika, ulikuwa mbali sana chini, na baada yake kulisikika maji.

Wote watatu walikaa ukumbini kwa Kaltham. Siku ile hakuna aliyekwenda kazini. Kaltham alimimina kahawa, akampa kwanza Bi Ghanima.

"Ule si mlango wa majini," alisema Taghreed. "Ule ni falaj."

Falaj ni mfereji wa maji wa zamani. Mwingine hupita chini ya ardhi masafa marefu kabla ya kutokeza mashambani. Watu wa kale waliuchimba kwa mikono.

"Falaj yetu inapita upande wa msikiti," Kaltham alisema.

"Ile nzima. Hii ni tawi la zamani, limesahauliwa. Paa lake linaanguka kidogo kidogo. Mbuzi kaanguka ndani, akatembea. Na sauti husafiri humo kama kwenye bomba. Kule juu wanawake wanafua kwenye maji. Wakizungumza, nyinyi mnawasikia chini ya stoo."

Bi Ghanima alimtazama.

"Wanaofua kule ni Waarabu watupu," alisema. "Mimi nimesikia Kiswahili."

Taghreed aligeuka akautazama mlango wa stoo. 

Kaltham akamwonyesha ujumbe wa Maskati, kwani Hisham alikuwa amemtumia. "Mume wangu anasema wametufukuza."

Taghreed aliusoma mara mbili. "Hawakukufukuzeni. Wamekuambieni mlango uko wapi! Barua hii kimekuja lini?"

"Imekuja," Bi Ghanima alimsahihisha. "Barua imekuja."

"Ahsante, Bibi. Imekuja lini?"

"Mwaka mzima sasa," alisema Kaltham.

"Mwaka mzima jawabu limekaa ndani ya simu." Taghreed alitikisa kichwa. "Sikilizeni. Zamani baladiya, ile inayoshughulika na njia, taa na usafi, ilikuwa chini ya wizara Maskati. Njia ikizama Samad, karatasi inakwenda Maskati na kurudi. Tangu mwaka 2020 mambo yamebadilika. Baladiya ziko chini ya muhafadha. Muhafidh wetu anakaa Ibra, ana fungu lake la fedha, na kazi nyingi anaamua huko huko. Tena kuna baraza la manispaa. Wajumbe wake wengine tunawachagua sisi, kila wilaya wake. Ulipiga kura mwaka 2022?"

Kaltham aliinamisha macho. "Nilidhani ni baraza la maneno tu."

"Kama kule kwetu," alisema Bi Ghanima ghafla. "Ndugu zangu walikuwa wakiniandikia. Jambo hili la Muungano, jambo lile la Zanzibar. Kila siku wanavutana, hili lenu, hili letu."

"Linafanana kidogo, Bibi. Lakini si sawa. Kule ni nchi mbili ziliungana, na katiba imegawa mambo. Tazama Imarati, Falme za Kiarabu, hapo jirani. Kila imarati ina serikali yake, halafu juu kuna serikali ya wote. Hapa Oman serikali ni moja. Maskati haikugawana na mtu. Imeteremsha baadhi ya kazi zake, zifanywe karibu na watu. Inaweza kuteremsha zaidi, inaweza kuzirudisha. Mizani haisimami pahala pamoja, huku wala kule. Kwa hivyo mtu lazima aulize: leo, jambo hili liko mkononi mwa nani?"

"Na shimo hili liko mkononi mwa nani?" Kaltham aliuliza.

"Hapo pana uzito. Njia iliyo juu ni ya baladiya. Mfereji ulio chini ni falaj, na aflaj, mifereji yote ya namna hii, bado ni jambo la wizara inayosimamia maji, pamoja na wenyewe wenye falaj na wakil wao. Juu ni huku, chini ni kule. Na nyumba yenu iko katikati."

"Basi tufanyie wewe. Wewe uko ofisini mwao."

"Leo nitapiga simu ya hatari, hiyo ni haki ya kila mtu. Lakini ombi lazima liwe lenu. Likipita kwa mlango wa uani kwa sababu mimi ni jirani, kesho na mwengine atataka apite huko huko."

Kaltham alimpigia simu Hisham, naye akarudi kutoka Sur mchana ule ule bila kusimama. Alipofika, njia ilikuwa imefungwa kwa kamba na vizuizi vya baladiya. Alisimama mbele ya kamba muda mrefu. Hewa baridi ilitoka ndani ya ile nyumba kongwe na kumgusa shingoni. Alisikia mtu anazungumza chini. Aligeuka akaingia ndani, akambusu mama yake kichwani.

Asubuhi alikwenda baladiya ya wilaya, Al Mudhaibi. Mfanyakazi wa pale alichukua ombi, akampa namba, kisha akasema, "Tutaimarisha njia. Lakini mfereji hatuugusi. Sio wetu."

Zamani Hisham angegombana. Safari hii aliuliza: "Ni wa nani, na unataka karatasi gani kutoka kwake?"

Yule bwana alishangaa kidogo. Akamwandikia majina ya karatasi mbili.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya wakil wa falaj. Wakil ni mtu anayechaguliwa na wenye falaj kusimamia maji yao. Jina lake Hud. Alikuwa mtu mkimya wa makamo. Hisham alipomweleza, Hud alimkaribisha akae.

"Babu yangu alituambia kuna tawi lilifungwa," alisema. "Maji yake yalipungua. Waliziba mdomo wake kwa mawe. Alitukataza kucheza pale. Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza."

Hud alitia saini. Siku ya tatu walikwenda pamoja kwenye idara ya maji kwa karatasi ya pili, nayo ikatuma mtaalamu wake. Hisham alimtafuta pia mjumbe wa baraza la manispaa wa wilaya yao. Hakumjua hata sura. Mjumbe alikuja kuona mwenyewe, akasimama mbele ya ufa, na katika kikao cha baraza huko Ibra akalileta shimo la Samad mezani. Ofisi ya muhafidh ikakubali kuigharimia kazi ile kutoka fungu la muhafadha. Idara ya maji ikaandika namna ya kuujaza mfereji bila kuidhuru falaj nzima. Ilichukua wiki saba. Maskati hakwenda mtu.

Mafundi waliteremsha kamera kwa waya. Waliwaita Hisham na Kaltham wakatazame. Katika kioo waliona ukuta wa mawe, mrefu, umepangwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Halafu pakafunguka pango. Fundi aliinua kamera kuelekea dari la pango.

"Hii ni sakafu ya jikoni kwenu," alisema. "Baina ya pango na vigae, udongo uliobaki ni shibiri moja."

Kaltham alikaa chini. Miaka kumi na moja alisimama pale akipika.

Kamera ikaonyesha mchanga wa chini. Alama za kwato zilikuwapo. Zilikwenda mpaka chini ya stoo, zikazunguka, zikazunguka tena, duara juu ya duara. Halafu zikakoma. Mchanga baada ya hapo ulikuwa laini, haukuguswa. Mafundi walitafuta kila upande. Mbuzi hakuonekana, wala mfupa wake.

"Yamkini udongo umemfunika," alisema fundi. Lakini aliukunja waya haraka kuliko alivyoukunjua.

Familia ilihamia kwa jamaa zao muda wa kazi. Pango lilijazwa mawe na zege. Nguzo zilitiwa chini ya jikoni. Shimo la nyumba kongwe lilizibwa. Njia ikajengwa upya na kutiwa taa nne. Bi Ghanima aliporudi, alikwenda stoo moja kwa moja, akalaza shavu sakafuni. Kaltham alimngoja mlangoni.

"Kimya," alisema Bi Ghanima. Alikaa kidogo. "Alhamdulillahi." Usiku ule alilala mpaka asubuhi, mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Hisham aliandika namba za simu katika karatasi kubwa, akaibandika ukutani nje ya msikiti. Njia na taa: baladiya. Falaj: wakil Hud na idara ya maji. Jambo la wilaya nzima: mjumbe wetu wa baraza. Watu walisimama kuisoma. Wengine walikuwa hawajui kwamba wana mjumbe.

Mwezi wa Aprili mwaka huu mvua kubwa ilinyesha. Wadi, mito ya msimu, zilijaa siku mbili. Siku ya tatu, mvua ilipokatika, Fawziya aliwapigia simu Hisham na Kaltham. Alikuwa karibu na ukuta wa skuli ya Kaltham, pale mabasi yanaposhusha watoto.

"Sioni shimo," alisema. "Lakini nimesikia maji yanazungumza chini ya miguu yangu. Msinicheke."

Hakuna aliyecheka. Hisham aliipigia simu baladiya, kisha akampigia Hud. Hud alisema tawi lile la zamani huenda lilifika mpaka huko. Baada ya saa moja kamba ilifungwa. Kaltham alimpigia mwalimu mkuu, na mabasi yakaambiwa yatumie mlango wa pili.

Saa kumi na moja jioni watu kama thelathini walikuwa wamesimama nyuma ya kamba. Ardhi ilikuwa kavu, tambarare, haina hata ufa. Mtu mmoja alianza kusema kwamba wanapoteza wakati.

Ndipo lami ikalegea katikati, taratibu, kama kitambaa kilichovutwa na mkono kutoka chini. Kibao cha kituo cha basi kiliinama, kikazama, kikapotea. Shimo likafunguka lote mbele ya macho yao, na hapakuwa na mtu juu yake.